Kilichokufunga Si Windows



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, zikachapa barua, zikafungua mahesabu ya duka. Kilichokatika ni viraka vya usalama: tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda. Ukitaka kuhamia Windows 11 unaambiwa mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa, kama ni ya Intel, kwa sehemu kubwa iwe ya kizazi cha 8 na kuendelea. Sasa tazama kompyuta tunazotumia huku kwetu. Nyingi ni mitumba iliyotoka Ulaya na Dubai, za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Kioo kizima, kibodi nzima, kazi zinafanya, lakini Windows 11 haizitaki.

Fundi atakwambia: piga Linux. Ni mfumo endeshi usiouzwa, mwepesi, na viraka vyake havikauki. Ushauri mzuri kabisa. Halafu mwenye mashine anauliza swali moja, na mjadala unaishia hapo: "Na ile programu yangu je?"

Leo nataka tulichimbe swali hilo, na msimamo wangu nautoa mapema. Hakuna duka linaloishi kwa Windows. Duka linaishi kwa programu yake ya stoo. Mchora ramani anaishi kwa programu ya michoro, na mwenye studio ya mtaani kwa programu ya kukata na kuunganisha video. Mfumo endeshi wanauvumilia kwa sababu programu hiyo moja haitaki mwingine. Kwa hiyo atakayeifanya programu hiyo ifanye kazi penginepo ndiye atakayeikata kamba, na wapo watu ambao wamekuwa wakiikata kwa zaidi ya miaka 30.

Kwanza tujue kwa nini programu inagoma. Wengi wanadhani Windows na Linux zinasema na mashine kwa lugha mbili tofauti. Sivyo. Prosesa ni ileile. Maagizo ya kujumlisha, ya kulinganisha, ya kuhamisha namba kutoka hapa kwenda pale, ni yaleyale. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya programu ya Windows prosesa yako ingeweza kukitekeleza hivyo kilivyo, hata kama umepiga Linux. Ugomvi uko mahali pawili.

Pa kwanza ni ganda la faili. Chukua faili lolote la .exe, lifungue kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Herufi 2 za mwanzo kabisa utakazoziona ni M na Z. Ni herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni mpangilio huo enzi za DOS, na programu za leo za Windows bado zinaanza nazo. Faili la programu ya Linux linaanza na baiti moja ya alama, kisha E, L, F. Linux ikipewa faili la MZ inatazama mwanzo wake, haioni inachokitambua, inalirudisha.

Pa pili ndipo penye uzito. Programu haifungui faili yenyewe, haichori dirisha yenyewe, haigusi printa yenyewe. Inaomba. Ndani ya kila .exe kuna orodha ya huduma itakazoziomba, kila moja na jina lake na jina la maktaba inamotoka. Ikitaka kufungua faili inaita CreateFileW kutoka kernel32.dll. Ikitaka kukutolea kile kidirisha chenye kitufe cha OK inaita MessageBoxW kutoka user32.dll. Linux nayo inafungua faili na kuchora madirisha vizuri tu, ila kwa majina mengine na kwa utaratibu wake. Mteja akiingia kwa mama lishe anaagiza chipsi mayai kwa jina. Hajui kama jikoni kuna mkaa au gesi, wala hana haja ya kujua; ikija sahani yenye chipsi mayai, anakula. Programu nayo iko hivyo. Inajua majina ya huduma na namna ya kuziagiza. Anayeitikia huko nyuma ni nani, mara nyingi haiulizi.

Kutokana na hapo, njia za kuendesha programu ya mfumo mmoja juu ya mwingine ni 3.

Njia ya kwanza ni mashine pepe. Unaweka programu kama VirtualBox au VMware, nayo inaigiza kompyuta kamili ndani ya dirisha, halafu humo ndani unapiga Windows nzima. Programu yako haioni tofauti, kwa sababu iko ndani ya Windows kweli. Gharama yake ni kwamba RAM yako inagawanywa mara mbili, leseni ya Windows bado unaihitaji, na kama uliyoiweka humo ni Windows 10, viraka vimekoma vilevile. Anayeifuata njia hii aikatie mtandao hiyo Windows ya ndani, imfanyie kazi ile moja tu iliyomleta.

Njia ya pili ni kutafsiri maagizo yenyewe ya prosesa. Hii inahitajika pale chipu zinapotofautiana. Apple ilipoachana na prosesa za Intel mwaka 2020 na kuanza kutumia chipu zake za M1, iliweka ndani ya mfumo wake kitu kinachoitwa Rosetta 2, kinachogeuza maagizo ya Intel kuwa maagizo ya chipu mpya. Wenye Mac waliendelea na programu zao za zamani, wengine bila hata kugundua.

Njia ya tatu ndiyo iliyonileta hapa leo: kuitikia maombi. Huweki Windows yoyote. Unaweka maktaba zenye majina yaleyale, kernel32, user32 na wenzake, zilizoandikwa upya kuanzia mwanzo, ambazo programu ikiomba zinaitikia kwa kutumia Linux. Mradi mkubwa wa aina hiyo unaitwa Wine. Ulianza mwaka 1993, na tangu 1994 unaongozwa na mtu mmoja, Alexandre Julliard.

Tuitazame Wine ikifanya kazi kwa karibu. Ukiiwasha mara ya kwanza inatengeneza folda iliyojificha, jina lake .wine, na ndani yake folda ya drive_c. Hiyo ndiyo diski C ya programu yako. Ukiifungua unakuta Program Files, unakuta windows, unakuta users, kama ulivyozoea. Ile rejista ya Windows ambayo mafundi wengi wanaiogopa, humo ni mafaili ya maandishi ya kawaida, unaweza kuyafungua na kuyasoma. Sasa programu ya stoo inasema: nifungulie C:\Mahesabu\STOO.DAT. Wine inaigeuza anwani hiyo, inakwenda kwenye drive_c, inaingia folda ya Mahesabu. Humo faili limeandikwa stoo.dat, kwa herufi ndogo. Kwa Windows hayo ni jina moja. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, na la herufi kubwa halipo. Basi Wine inaisoma folda nzima, jina kwa jina, ikilinganisha bila kujali ukubwa wa herufi, mpaka ilipate. Programu inapewa faili lake na kazi inaendelea. Huo ni mfano wa ombi moja la kufungua faili, na Windows ina maelfu ya maombi ya namna hiyo.

Ndiyo maana kazi imekuwa ndefu. Wine ilianza ikiilenga Windows 3.1. Mwaka 1995 ikaja Windows 95 na karibu kila kitu kikabadilika. Toleo la Wine lenye namba 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baada ya kuanza. Tena waandishi wake hawaruhusiwi kuchungulia msimbo wa Microsoft. Wanasoma nyaraka zilizo wazi, wanaandika majaribio, wanayaendesha kwenye Windows halisi waone inajibu nini, kisha wanaifanya Wine ijibu hivyohivyo.

Na hapo ndipo penye utamu wa habari hii, msikilizaji: lazima ijibu hivyohivyo hata pale Windows inapokosea. Programu zimeandikwa na watu, na watu wamezoea makosa ya Windows kiasi cha kuyategemea. Ukiyasahihisha, programu inaanguka. Hata Microsoft wenyewe wanaujua mzigo huu. Mchezo wa SimCity wa enzi za Windows 3 ulikuwa na kasoro: ulisoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikwishairudisha kwa mfumo. Kwenye Windows ya zamani haikuwa na madhara. Kwenye Windows 95, mchezo ukawa unazima. Wahandisi wa Microsoft hawakumwambia mteja akanunue toleo jipya. Waliingiza ndani ya Windows 95 msimbo maalumu wa kutambua kwamba SimCity inaendeshwa, kisha kumbukumbu ikasimamiwa kwa namna ya kuusitiri mchezo huo. Walifanya hivyo kwa kuwa walijua mnunuzi akiona programu yake imekufa, ataulaumu mfumo mpya na kuurudisha dukani.

Swali la haki nalo lipo. Je, ni halali kuitikia maombi yaliyobuniwa na mwingine? Kesi iliyosikika zaidi ni ya Oracle na Google kuhusu Android. Google iliiandika upya Java, lugha ya programu inayomilikiwa na Oracle, kwa ajili ya simu, lakini ilichukua majina na mpangilio wa huduma zake, mistari takriban 11,500, ili waandishi wa programu wasijifunze upya. Oracle ikaenda mahakamani mwaka 2010. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 kwa 2, kwamba matumizi hayo yalikuwa ya haki. Swali la kama majina hayo yana hakimiliki au hayana, mahakama ililiacha bila kulijibu. Ulaya ilikuwa imetangulia: mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kazi inayofanywa na programu hailindwi kwa hakimiliki, kinacholindwa ni namna ilivyoandikwa. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini zinaipa nguvu kazi ya namna hii huko inakofanyika.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko ufundi wote huo: daraja la kuvusha programu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni la nani?

Apple imejenga madaraja mazuri kuliko karibu kampuni yoyote. Rosetta ya kwanza ilikuja mwaka 2006, walipohama kutoka prosesa za PowerPC kwenda za Intel. Mwaka 2011 waliiondoa, na programu za PowerPC zikafa siku mtu aliposasisha mfumo. Mwaka 2019 wakafuta programu zote za biti 32. Rosetta 2 nayo wameshaitangazia mwisho wake. Kwa Apple daraja ni la kuhamia, na ukishahama linavunjwa. Ni haki yao, lakini mwenye programu ya zamani hana sauti.

IBM nao walipata somo lao. Mwaka 1992 walitoa OS/2 2.0, mfumo ulioendesha programu za DOS na za Windows vizuri hata wakajisifu kwamba ni bora kuliko Windows yenyewe. Matokeo yake, mwandishi wa programu akapiga hesabu rahisi: nikiandika kwa Windows, nawapata watu wa Windows na wa OS/2 pia. Nihangaike na OS/2 ya nini? Daraja lile halikuiua OS/2 peke yake, lakini liliwaondolea waandishi sababu ya kuihudumia, na mwisho wa 2006 IBM waliacha kuitegemeza.

Kwa nini basi Valve, wauzaji wa michezo ya kompyuta, walifanya jambo hilohilo na likawalipa? Mwaka 2015 walijaribu kuuza kompyuta za michezo zenye Linux, hazikushika, maana michezo yake ilikuwa michache. Mwaka 2018 walitoa Proton, ambayo kiini chake ni Wine, wakaongeza vitu kama DXVK inayogeuza maombi ya picha ya Direct3D ya Windows kuwa ya Vulkan, ambayo Linux inayaelewa. Februari 2022 wakatoa Steam Deck, mashine ya mkononi yenye Linux inayocheza maelfu ya michezo iliyoandikwa kwa Windows. Waandishi wa michezo bado wanaandikia Windows, kama ilivyokuwa kwa OS/2. Valve haliwaumi hilo, kwa sababu IBM walikuwa wanauza mfumo, na Valve wanauza michezo. Walichokihitaji ni kutokuwa na mwenye nyumba anayeweza kuwafungia mlango.

Na Microsoft wenyewe? Mwaka 2001 mkuu wao, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo iliweka ndani ya Windows 10 sehemu ya kuitikia maombi ya programu za Linux. Kuitikia maombi yote kukawashinda nao: toleo la pili, lililotangazwa 2019, liliacha kuigiza, likaweka kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe nyepesi. Agosti 2024 wakawakabidhi watu wa Wine mradi wa Mono, unaosaidia kuendesha programu zilizoandikwa kwa .NET.

Wine si dawa ya kila kitu. Hebu mfikirie mama mwenye steshenari, mbele yake kijana fundi na kompyuta mezani.

"Mwanangu, hiyo Linux yako itanifungulia programu yangu ya mauzo?"

"Mama, hiyo programu ulinunua na kile kidude cha USB cha leseni?"

"Ndiyo, bila kidude haiwaki."

"Basi hapo mama nisikudanganye. Programu yenyewe inaweza ikawaka. Kidude ndicho kitakachotusumbua."

Kijana kasema kweli. Wine inaitikia maombi ya programu, haiendeshi draiva za vifaa vya Windows. Kisoma alama za vidole, kidude cha leseni, mashine maalumu ya kuchapa: kama hakuna draiva ya Linux, umekwama. Kundi lingine ni programu zinazotaka kujua nani anaitikia. Michezo kama Valorant ina walinzi wanaoingia hadi kwenye kiini cha Windows kutafuta wadanganyifu, na kwa Wine hawakubali. Matoleo mapya ya Office na Photoshop, yenye leseni za mtandaoni, yamekuwa yakisumbua kwa miaka. Programu ndogo za zamani, zile za mauzo na mahesabu zilizoandikwa enzi za Windows XP, mara nyingi ndizo zinazokubali upesi, maana maombi yake Wine imeyazoea siku nyingi.

Na wale wa programu za kukraki zinazopitishwa kwa flashi, nisikilizeni vizuri. Kirusi cha Windows nacho ni programu ya Windows. Wine inaweza kukiitikia vilevile, na kwa kawaida inaionyesha diski yako yote ya Linux kama diski Z. Usijidanganye kwamba ukiwa Linux umekingwa.

Sasa utaratibu wa kufuata. Kabla ya kufomati chochote, piga Linux kwenye flashi, iwashe kutoka humo, weka Wine, jaribu ile programu moja inayokulisha. Isifunguke tu, iingize mauzo, itoe ripoti, ichape. Ikikubali, hama. Ikigoma, uliza kama kuna programu ya Linux inayofanya kazi hiyohiyo. Kwa barua na majedwali jibu liko siku nyingi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mrithi wake, LibreOffice, anapakuliwa bure. Ikishindikana yote hayo, ndipo mashine pepe.

Lakini dawa yenyewe inaanzia siku unaponunua. Muuzaji wa programu akija na maelezo yake mazuri, muulize mambo mawili. Data yangu itatoka humu kwa faili gani ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Na leseni yangu, mashine hii ikifa au mfumo ukibadilika, inahamaje? Mwenye majibu amekuachia mlango wazi, na siku ukitaka kuhama hutahitaji hata Wine. Anayezungukazunguka, pesa yako baki nayo.